Kisu cha Shambani: Namna ya Kuchagua Kisu Imara kwa Hela Ndogo



Msimu uliopita kijana mmoja ninayemhudumia, mkulima wa nyanya huku kwetu ukanda wa Ilula, alinipigia simu saa moja asubuhi. Nikajua tu ni kantangaze. Kumbe amejikata. Alikuwa anakata mpira wa dripu kwa kisu cha kukunja cha elfu tatu. Ncha ikakwama kwenye mpira, akasukuma, kisu kikajikunja na makali yakafungia kwenye kidole chake. Akashonwa nyuzi nne. Wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya mchumo wa kwanza, kwa hiyo badala ya kuchuma mwenyewe na kusimamia matenga yake, akalipa vibarua wa ziada. Hela ile ingenunua visu vitano vizuri.

Ndiyo maana leo naacha mbegu na mbolea, naongelea kisu. Mnanunua pampu kwa umakini, mnauliza bei ya mbegu maduka matatu, lakini kisu mnaokota chochote njiani. Na wengi wenu wakati wa mavuno mnalala shambani kwenye dungu au kibanda kulinda mazao. Kule usiku hakuna fundi wala duka. Kisu ulicho nacho ndicho hichohicho.

Kwa nini kisu kisichokunjwa?

Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo ndio udhaifu wake. Vile vya bei ya chini mara nyingi havina kizuizi cha kushikilia chuma kikishafunguka, au kizuizi kipo lakini kinalegea baada ya muda mfupi. Tena udongo na utomvu vinaingia kwenye kiungo. Kisu cha moja kwa moja, kinachokaa kwenye ala, hakina kitu cha kulegea. Kwa bei ileile ya chini, unapata usalama zaidi.

Lakini tuelewane: kisu hiki si panga na si shoka. Kazi yake ni kukata kamba na mipira ya dripu, kufungua mifuko ya mbolea, kuvuna kabichi na tikiti, kuchonga ncha za miti ya kuegeshea nyanya, kuchonga vijiti vya kuwashia moto na kuandaa mboga ya jioni. Kufyeka, chukua panga. Kuni, chukua shoka. Visu vingi ninavyoona vimevunjika ncha, mwenyewe alikuwa anafungulia kopo la rangi au anachimbua jiwe.

Mambo matano ya kukagua kabla hujatoa hela

1. Urefu na unene. Sehemu ya kukatia iwe na urefu wa sentimita 10 hivi, na mgongo uwe na unene wa milimita 2.5 hadi 3. Kirefu zaidi ya hapo kinakusumbua kwenye kazi ndogo, na chembamba kama cha kumenyea matunda kinapinda ukichongea mti. Vipimo hivi si vyangu peke yangu. Kule Uswidi kuna kampuni ya Morakniv, ya mji wa Mora, ambako visu vimetengenezwa tangu 1891. Kisu chao cha bei nafuu kiitwacho Companion kina chuma cha sentimita 10 na ushee, unene wa milimita 2.5, mpini wa plastiki na ala ya plastiki. Hakina urembo wowote, na watu wanakitumia msituni miaka na miaka.

2. Mkia wa kisu. Hapa namaanisha ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Kisu kizuri si lazima mkia ufike mwisho wa mpini, lakini wewe huwezi kuona ndani ya plastiki, na muuzaji naye hajui. Kwa hiyo sokoni chagua kile ambacho chuma kinaonekana kimepita katikati ya vipande viwili vya mpini mpaka mwisho, kimefungwa kwa ribiti mbili au tatu. Kigonge taratibu mezani. Ukisikia kinacheza ndani, kirudishe.

3. Mpini. Ujaze kiganja, usiwe mwembamba kama kalamu. Mbele yake pawe na kijinundu au kizuizi cha kuzuia vidole visiteleze kwenda kwenye makali. Muombe muuzaji maji kidogo, lowesha mkono, kishike uvute. Kikiteleza dukani, shambani ukiwa na jasho itakuwaje?

4. Chuma. Kuna makundi mawili. Chuma cha kaboni kinanoleka kwa urahisi na kinapata vizuri, ila kinashika kutu haraka, na maji ya nyanya au ndimu yanakiachia madoa meusi. Stenlesi inavumilia maji, ila nyingine ni ngumu kunoa. Kama wewe ni mtu wa kusahau kufuta kisu, nunua stenlesi.

Hapa nikuonye. Kuna wauzaji wanakuambia, "Ona, sumaku haishiki, hii ndiyo stenlesi yenyewe." Usidanganyike. Stenlesi isiyoshika sumaku mara nyingi ni ile ya vijiko na sufuria, ambayo haiwezi kukomazwa kwa moto ikashika makali. Stenlesi ya kisu cha kawaida inashika sumaku. Ikikataa, kiache.

5. Ala. Kisu bila ala usinunue, au nenda moja kwa moja kwa fundi viatu akushonee ya ngozi nene. Ala nzuri inashika kisu hata ukiigeuza juu chini, na ncha haitoboi upande wa pili. Ukianguka na pikipiki, ala ndiyo inayokukinga.

Ununue wapi?

Ukikosa dukani, nenda kwa mhunzi. Mafundi wengi wanafua visu kutoka kwenye springi za magari, na springi ni chuma cha kaboni kizuri sana. Tatizo ni kama kimekomazwa sawasawa. Nenda na tupa, ipitishe kidogo karibu na makali. Tupa ikiteleza bila kung'ata, chuma kimekomaa. Ikila kama inakula msumari, mwambie fundi akirudishe motoni. Mhunzi anayejiamini hatakasirika.

Mimi huwaambia vijana wasizidishe elfu 25 kwa kisu na ala yake. Ukibakiwa na chenji, nunua kinoo.

Kinolewacho hupata

Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu unatumia nguvu nyingi, na nguvu ndiyo inayokitelezesha kikaja mkononi. Lowesha kinoo, laza kisu, kisha inua mgongo kidogo, kama nyuzi 20. Kwa kisu cha upana wa sentimita mbili na nusu, mgongo unakaa chini kidogo ya sentimita moja kutoka kwenye jiwe. Sukuma kama unataka kumenya kinoo, ukitunza mwinamo uleule. Endelea mpaka usikie kikwaruzo kidogo upande wa pili, ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Usipitishe kidole kwa urefu wa makali. Kisha geuza, fanya vilevile. Malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Kikikata karatasi bila kuchana, inatosha.

Epuka kukipeleka kwenye mashine ya kunolea inayozunguka kwa kasi. Ikikipasha moto mpaka makali yageuke rangi ya bluu, ule ukomavu umekwisha.

Kisu kinaweza kubeba ugonjwa

Hili ndilo ninalotaka ulikumbuke kama mkulima wa biashara. Mnyauko wa bakteria wa migomba, ulioonekana Uganda mwaka 2001 na baadaye ukaingia kwetu Kagera, unasambazwa pia na visu na mapanga. Unakata mgomba mgonjwa, unaenda kwenye mzima, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Kwenye nyanya nako, ukipunguza machipukizi kwa kisu kilichogusa mche ulionyauka, ni habari hiyohiyo.

Kwa hiyo ukitoka kwenye mmea unaoutilia shaka, futa uchafu, kisha pitisha kisu kwenye moto au kisafishe kwa jiki iliyochanganywa na maji. Kama ni moto, makali yapate joto tu, yasiwe mekundu. Kama ni jiki, suuza baadaye, kausha, pakaa mafuta ya kula kidogo, maana jiki inakula chuma, hata stenlesi.

Na kisu kilichofungua pakiti ya kiuatilifu kisirudi kwenye nyanya za kachumbari. Uwe na viwili. Cha sumu kizungushie utepe mwekundu kwenye mpini, kila mtu pale kibandani ajue.

Ukikitumia

Kata kuelekea nje ya mwili wako. Ukiwa umekaa, usichongee katikati ya mapaja, maana pale pana mshipa mkubwa wa damu. Hakikisha hakuna mtu ndani ya urefu wa mkono wako. Ukimpa mwenzako kisu, mpe mpini. Ukipanda basi kwenda mjini, kiweke ndani ya begi na ala yake, si kiunoni.

Ukijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, usichungulie kila dakika. Damu ikigoma kukata, au jeraha likiwa na kina, nenda kituo cha afya bila kusubiri kuche. Na ukifika, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha linaonekana dogo. Kisu cha shambani kinashinda kwenye udongo na samadi.

Yule kijana wangu kidole kimepona, ila hakikunji sawasawa. Sasa ana kisu cha springi kutoka kwa mhunzi, na ala ya fundi viatu. Juzi nimemkuta anakinoa jioni kabla ya kupanda kwenye dungu, bila mtu kumkumbusha.

Kazi njema shambani.