Maziwa Lala, Mgando na Mtindi

Kinyangiri, katika Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, ni nchi ya Wanyiramba, watu wa jembe na ng'ombe. Katika nchi ya wafugaji neno moja la mtindi, litumikalo madukani kwa kila maziwa makali, halitoshi.

Maziwa lala hutaja muda: yamelazwa usiku kucha yakaganda yenyewe. Nchini Kenya jina hilo limefupizwa kuwa mala. Mgando hutaja hali: maziwa yameshikana. Mtindi, kwa maana yake ya zamani, ni yaliyosalia baada ya kusukwa na kutolewa siagi. Yogati, neno lenye asili ya Kituruki, ni jambo la nne: maziwa huchemshwa hadi nyuzi 85 za sentigredi au zaidi, hupozwa hadi nyuzi 42 hivi, kisha hutiwa bakteria wa aina mbili walioteuliwa, na huganda kwa saa 4 hadi 6. Mmoja wa bakteria hao alitambuliwa na Mbulgaria Stamen Grigorov mwaka 1905.

Tofauti hizi hudhihirika katika kuhifadhi. Baridi haiwaui bakteria wa yogati, bali huwapunguzia kazi. Yule wa Grigorov huendelea kutoa asidi polepole. Kwa hiyo yogati iliyochelewa kupozwa huzidi ukali, na maji yake hujitenga. Maziwa lala chachu yake ni ile iliyokuwamo chomboni au katika maziwa yenyewe, haikuteuliwa na mtu. Leo huwa laini, kesho hutoa povu. Usiku wa kipupwe asidi hukawia, na vijidudu viharibifu hupata nafasi.

Hapo ndipo mtunzi wa kamusi anapohusika. Chachu huumua mkate, lakini chakula kilichochacha hutupwa. Yafaa basi kuganda kutumike kwa kazi ya chachu iliyokusudiwa, na kuchacha kwa uharibifu. Zaidi ya hayo, ukali peke yake hauhakikishi kufa kwa vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe wala vya ugonjwa wa kutupa mimba. Moto ndio unaovimaliza. Maziwa mabichi yaliyolala na yogati iliyochemshwa yakiitwa yote mtindi, mnunuzi hana neno la kuulizia lililo salama.