Ladha ya Merlot: jinsi ya kuionja, chakula cha kula nayo, na inachomwambia mkulima wa zabibu

Leo naomba tuweke bomba la dawa pembeni tushike glasi. Wengi wenu hapa Dodoma mnalima zabibu za mvinyo miaka nenda rudi. Mnauza vishada au mchuzi, gari linaondoka, basi. Mzee mmoja wa upande wa Hombolo aliniambia: "Bwana shamba, zabibu zimenisomeshea watoto, lakini huo mvinyo wenyewe sijui unatakiwa uweje. Mnunuzi akisema mzigo wangu hauna kiwango, mimi namjibu nini?"

Swali zito hilo. Anayeuza kitu asichokijua ladha yake hupangiwa bei na anayekijua.

Nimechagua Merlot, na wala sikushauri ung'oe Makutupora Nyekundu uipande. Nimeichagua kwa sababu ni mvinyo mwekundu laini ambao haumtishi anayeanza kuonja, chupa zake kutoka Afrika Kusini na Chile hupatikana madukani mijini, na ina kisa kimoja ambacho kila mwenye shamba la zabibu anapaswa kukisikia.

Kwao Merlot ni Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Inasifika hasa katika vijiji vya Pomerol na Saint-Émilion, penye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji na kubaki na ubaridi. Huiva mapema kuliko mwenzake Cabernet Sauvignon, na ganda lake ni jembamba zaidi. Hilo ganda ndilo la kuliangalia. Ndani ya ganda na mbegu kuna tanini, ile kitu inayoleta ukakasi mdomoni. Ukitaka kuijua tanini bila kununua chupa, tafuna bibo la korosho au ndizi mbichi. Ulimi unakauka, mashavu yanavutana. Merlot ina ukakasi huo, ila wa kistaarabu.

Sasa tuonje. Mvinyo mwekundu huonjwa vizuri ukiwa kwenye nyuzi 15 hadi 18 hivi, na joto la sebule zetu mchana linazidi hapo kwa mbali. Kwa hiyo weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Wanaokwambia mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji walisoma ushauri ulioandikwa kwa nyumba za Ulaya. Mimina kidogo tu, robo ya glasi, uizungushe taratibu ili harufu ipande, kisha weka pua ndani kabisa bila aibu. Halafu piga funda dogo, lizungushe mdomoni mpaka kwenye fizi, uliteme. Ndiyo, teme! Waonjaji wenye kazi yao hutema, maana ukimeza glasi tano hutajua ya sita ina nini.

Merlot iliyovunwa wakati wake hunukia plamu zilizoiva, kama zile za Lushoto, na ukakasi wake ni laini. Ukikuta harufu ya pilipili hoho mbichi au majani yaliyokatwa, mara nyingi zabibu zilivunwa kabla hazijaiva au vishada vilifunikwa na majani mengi wakati vinakua. Hata kemikali inayoleta harufu hiyo ni ileile iliyomo kwenye hoho, na hupungua kadiri tunda linavyoiva na kupata mwanga. Ukikuta ladha kama jamu, mvinyo mzito unaochoma koo na usio na uchachu, zabibu zilikawia sana mtini au jua lilizipiga kupita kiasi. Harufu ya siki ni habari nyingine. Hapo bakteria wameingia, na safari yao mara nyingi huanzia kwenye zabibu zilizopasuka zikakaa juani zikisubiri gari.

Kisa chenyewe kilitokea Chile. Wakulima wa huko walileta miche kutoka Bordeaux katika karne ya 19, wakapanda, wakauza mvinyo wakiuita Merlot. Lakini Merlot yao ilikuwa na tabia ya ajabu, inanukia hoho. Mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa wa aina za zabibu, Jean-Michel Boursiquot, alitembelea shamba moja huko, akatazama majani na vishada, akasema sehemu ya hiyo mizabibu siyo Merlot kabisa. Ilikuwa Carménère, aina ya zamani ya Bordeaux iliyokuwa karibu kupotea Ufaransa. Carménère huiva wiki kadhaa baada ya Merlot. Wao walikuwa wanavuna zote siku moja! Nusu ya mzigo umeiva, nusu mbichi, na kwenye glasi hilo lilikuwa linasema miaka yote. Leo Chile inaitangaza Carménère kama zabibu yake maalumu, kwa jina lake halisi. Kwa hiyo ukinunua miche, uliza imetoka mti gani, na ukiona safu moja inaiva tofauti na jirani zake, ifunge utepe uivune peke yake.

Najua kwa nini watu huvuna mapema. Ndege wanakula, vijana wanaiba, ada inadaiwa, na jirani ameshaanza kuvuna. Lakini hesabu ya sukari haina huruma. Merlot huvunwa kipimo cha sukari kikisoma briksi 23 hadi 25 hivi, na kila briksi moja huleta takribani nusu asilimia ya kilevi au zaidi kidogo. Ukipeleka zabibu za briksi 18, hakuna fundi wa mvinyo atakayezigeuza kuwa za 24 bila kuongeza kitu.

Kama hunywi pombe, kwa dini au kwa hiari, hujapoteza somo. Onja tunda lenyewe shambani. Chukua punje kutoka miti mingi, upande wa jua na wa kivulini, juu na chini ya kishada. Tafuna ganda peke yake uone kama ukakasi umelainika. Tazama mbegu: zikiwa za kijani, subiri, zikiwa za kahawia na zinavunjika kwa mlio kama karanga iliyokaangwa, muda umefika. Kisha thibitisha kwa kipimo.

Tuje kwenye chakula, maana mvinyo hunywewa mezani. Kanuni iko kwenye ileile tanini. Hukamata protini, ikikosa nyama inakamata mate yako, ndiyo maana mdomo unakauka. Jaribu hivi: piga funda la Merlot, tafuna kipande cha mbuzi choma chenye chumvi, kisha piga funda la pili. La pili litakuwa laini zaidi, na mvinyo ni uleule. Kuku wa kienyeji wa kuchoma anakwenda nayo vizuri sana, pengine kuliko mbuzi, kwa kuwa Merlot siyo mvinyo wa kupigana na nyama yenye mafuta mengi. Rosti ya ng'ombe, uyoga na pilau isiyo na pilipili pia zinafaa.

Pilipili iweke mbali. Kilevi kinazidisha moto wake, na ukakasi unaonekana mkali. Kachumbari yenye ndimu nyingi huufanya mvinyo uonekane umepooza, kwa hiyo punguza ndimu. Vitu vya sukari navyo huufanya uonekane mchungu na mchachu, hivyo Merlot na kaimati hapana. Dagaa na Merlot ni ugomvi mtupu, mdomo unabaki na ladha ya chuma. Hapo fungua mvinyo mweupe wa Chenin Blanc, ambayo inalimwa hapahapa kwetu.

Na mlenda? Nimejaribu mara tatu. Ule utelezi unafunika kila kitu, hupati tunda wala ukakasi. Ugali na mlenda kula kwa maji baridi, Merlot isubiri nyama.