Lori linalokunywa mafuta kidogo: serikali na viwanda vilivyoshirikiana Marekani

Kila mwenye lori la safari ndefu anajua kuwa dizeli ndiyo inayomla faida. Nchini Marekani, kazi ya kutafuta dawa ya tatizo hilo hawakuachiwa watengenezaji peke yao.

Mwaka 2010 Wizara ya Nishati ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa SuperTruck. Serikali ilitoa fedha, na makampuni nayo yakachangia. Walioshiriki ni Cummins pamoja na Peterbilt, Daimler, Navistar na Volvo. Lengo lilikuwa kwamba kwa mafuta yale yale, kazi ya kusafirisha mzigo iongezeke kwa asilimia 50 ikilinganishwa na malori ya mwaka 2009.

Mwaka 2015 lori la Daimler lilifikia ongezeko la asilimia 115. Katika majaribio ya barabarani jimboni Texas lilitembea kilomita 5 na ushei kwa lita moja.

Siri haikuwa injini tu. Umbo la lori na tela lilirekebishwa ili upepo usilizuie, likafungwa tairi zinazoviringika kwa wepesi na uzito ukapunguzwa.

Kwa wasafirishaji wa Afrika Mashariki kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, injini za moshi mdogo zinahitaji dizeli safi, kwani salfa nyingi huharibu mitambo ya kusafisha moshi. Ndiyo maana mwaka 2015 nchi za Jumuiya zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Pili, tairi zenye upepo wa kutosha na mwendo wa wastani huokoa mafuta hata kwa lori kuukuu.