Stima Ikikatika Baada ya Dhoruba: Mkulima Adai Nini, Naye Afanye Nini?

Mkulima wa Kericho au wa Bomet hana haja ya kufundishwa mvua ya mawe ni kitu gani. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na upepo wa mashariki juu ya milima yetu, na saa za alasiri mawe huanza kunyesha. Sifa hiyo ya nchi yetu imefika mbali, hata katika miaka ya 1960 wataalamu walirusha roketi mawinguni wakijaribu kupunguza mawe hayo.

Zamani hasara ya dhoruba ilikuwa katika michai na mahindi tu. Siku hizi iko hasara ya pili. Mti wa mkaratusi huanguka juu ya waya, nguzo huvunjika, na kijiji kizima huingia gizani. Siku ya kwanza watu husema, "Ni kazi ya Mungu." Siku ya tatu hawasemi hivyo tena. Siku ya tano mkutano wa chifu hujaa watu wenye hasira, na neno ni lile lile: "Tunalipa, kwa nini hatuhudumiwi?"

Hasira hiyo ina sababu, na gazeti hili halitamwambia mkulima anyamaze. Lakini yafaa ajue lipi ni la kudai, na lipi ni la kufanya kwa mikono yake mwenyewe.

HASARA YENYEWE NI IPI?

Tuanze na maziwa. Maziwa yaliyokamuliwa yanatakiwa kupozwa upesi hadi kiasi cha digrii 4. Katika skimu za makazi kama zile za Sotik, wakulima wengi hupeleka maziwa yao kwenye matangi ya kupozea ya ushirika. Stima ikikatika, na jenereta ikiwa haipo au haina mafuta, maziwa huchacha, na mnunuzi huyakataa. Ni kweli kwamba kwetu maziwa hayatupwi ovyo, kwa maana kila nyumba inajua kutengeneza mursik ndani ya kibuyu. Lakini mursik ya nyumbani haiwezi kumaliza maziwa ya ushirika mzima, wala hailipi karo ya shule.

Sasa tutazame majani chai. Majani mabichi yakifika kiwandani hutandazwa ili yanyauke, na feni kubwa hupuliza hewa kati yake kwa saa nyingi. Feni zikisimama, majani hupata joto, hugeuka mekundu na kuharibika. Zahitajika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo hasara ya usiku mmoja si ndogo. Viwanda vya wakulima wadogo vina jenereta, lakini dizeli ni ghali kuliko stima ya kawaida. Fedha hiyo hutoka katika gharama za kiwanda, na gharama za kiwanda ndizo zinazopunguza bonasi yako. Basi hata mkulima asiye na taa nyumbani kwake hulipia giza.

KWA NINI KAZI HUCHELEWA?

Stima huja kama maji ya mfereji. Mto mkubwa ni nyaya nene zinazoleta umeme hadi vituo vikubwa kama kile cha Chemosit. Kutoka hapo hutoka mifereji ya kati, halafu midogo, mpaka kwenye transfoma ya kijiji chako na mwisho nyumbani kwako. Mfereji mkubwa ukibomoka, hakuna faida kuzibua mdogo kwanza. Ndiyo sababu mafundi huanza na njia kubwa, kisha hospitali na mitambo ya maji, kisha njia zenye watu wengi. Kijiji kilicho mwisho wa waya, chenye transfoma moja, hufikiwa mwisho. Huko si kuonewa. Ni utaratibu unaofuatwa katika nchi nyingi.

Tena, nyaya zetu zimeongezeka sana. Mwaka 2015 Serikali ilianzisha mpango wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma, ndani ya mita 600, na malipo ya kuunganishiwa yakapunguzwa kutoka shilingi 35,000 hadi shilingi 15,000. Nyumba nyingi zilipata taa. Lakini kila nguzo mpya ni nguzo nyingine ya kuangukiwa na mti, na kila kilima ni njia nyingine ya kupandwa na fundi kwa miguu wakati barabara ina tope.

Watu huuliza pia, "Mbona taa za mashamba makubwa zinawaka nasi tuko gizani?" Jibu ni kwamba baadhi ya makampuni makubwa ya chai Kericho yana mitambo yake ya umeme wa maji katika mito yetu. Wakulima wadogo nao wameanza njia hiyo: viwanda vyao vina mitambo ya maji Imenti huko Meru na Gura huko Nyeri.

KUCHELEWA KUNAKOSAMEHEKA NA KUSIKOSAMEHEKA

Ndugu zetu wa Unguja wana somo kubwa kwa jambo hili. Kisiwa chao kilipata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 njia hiyo iliharibika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Pampu za maji zilisimama, na watu wakahangaika na ndoo. Njia ikatengenezwa, watu wakashukuru. Lakini waya ulikuwa ule ule wa zamani. Mwezi Desemba 2009 ukaharibika tena, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Waya mpya, wenye nguvu zaidi ya ule wa kwanza, ulikuja kufunguliwa mwaka 2013.

Hata nchi tajiri hupatwa. Kimbunga Maria kilipopiga kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani, mwezi Septemba 2017, kilikuta nyaya ambazo hazikuwa zimetunzwa vizuri kwa miaka mingi. Nyumba za mwisho zilikaa karibu mwaka mzima bila umeme.

Tunajifunza nini? Dhoruba haina wa kulaumiwa. Lakini nguzo iliyooza ikaachwa, miti isiyokatwa karibu na waya, transfoma iliyozidiwa na nyumba nyingi, na fundi asiye na gari wala vipuri, hayo si kazi ya mvua. Hayo yana wenyewe, na hapo ndipo mkulima ana haki ya kuuliza. Asiulize tu, "Stima itarudi lini?" Aulize pia, "Nguzo ile ile imeanguka mara ngapi, na mnafanya nini isianguke tena?" Waunguja walipata taa baada ya giza la kwanza. Walichokosa ni waya mpya.

MKULIMA AFANYE NINI?

Kwanza, asiguse waya ulioanguka, hata kama kijiji kizima hakina taa. Stima yaweza kurudishwa wakati wowote, na waya uliolala katika majani mabichi yaliyolowa huua mtu na ng'ombe. Weka mtu wa kuwazuia watoto na mifugo mpaka mafundi wafike.

Pili, msichange fedha kumlipa kijana apande nguzo kutengeneza fyuzi. Vijana wamekufa kwa kazi hiyo, na mwenye kumtuma atabeba lawama. Wala msichange fedha za kumpa fundi kichinichini ili aje kwenu kwanza. Kijiji kinachonunua zamu leo kitalazimika kuinunua tena kesho.

Tatu, toa habari mara moja, tena kwa ukamilifu. Namba ya Kenya Power ya kupokea malalamiko ni 97771. Taja namba ya mita, jina la kijiji, shule au kituo cha majani kilicho karibu, na kitu ulichokiona: nguzo imevunjika, mti umeangukia waya, au transfoma imelia. Mtu akisema tu, "Hatuna stima," fundi hana pa kuanzia. Omba namba ya malalamiko yako.

Nne, mweke daftari. Kamati ya kituo cha majani au ya ushirika wa maziwa iandike siku na saa stima ilipokatika, saa ya kupiga simu, namba waliyopewa, saa stima iliporudi, na kiasi cha maziwa au majani yaliyoharibika. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inatambua madai ya fidia ya watumiaji wa umeme, na EPRA ndiyo mamlaka inayosimamia watoa huduma na kupokea malalamiko yasiyosikizwa. Lakini hakuna ofisi iwezayo kupima hasara isiyoandikwa. Kelele za mkutano husahauliwa jioni ile ile, na daftari husomwa hata baada ya mwaka.

Tano, tutazame mashamba yetu wenyewe. Wengi wetu tulipanda mikaratusi karibu na nyaya kwa ajili ya kuni na mbao. Mti huo hukua upesi, na huanguka upesi pia. Usiukate mwenyewe ukiwa umeegemea waya. Wajulishe wenye nyaya waje, wala usiwafungie lango kwa kuhofia kupoteza miti mitatu. Mti mmoja wa jirani umewahi kuzima kiwanda.

Sita, ushirika uwe na jenereta inayofanya kazi na akiba ya mafuta kabla ya mvua za masika. Nyumbani, maziwa ya jioni yawekwe katika mkebe safi wenye kifuniko, ndani ya maji baridi yanayobadilishwa mara kwa mara. Hayatakaa siku mbili, lakini huenda yakafika asubuhi.

Wazee wa Kiswahili husema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Mkulima mmoja akipiga kelele peke yake huonekana msumbufu. Kituo kizima cha majani kikifika na daftari lenye siku, saa na kilo, hapo mkubwa wa ofisi hukaa kitako na kusikiliza. Tudai kwa nguvu, maana tunalipa. Na miti iliyo juu ya nyaya, tuitazame leo kabla mawingu hayajakusanyika.