Meza Iliyopinda: Ubongo, Mkono na Hatua za Kwanza za Kuchora

Mpe mtu mzima ambaye hajawahi kufundishwa kuchora penseli na karatasi, umwambie achore meza iliyo mbele yake. Mara nyingi uso wa meza utatoka mpana, kana kwamba aliitazama kutoka darini, na miguu yote minne itakanyaga mstari mmoja. Mistari yenyewe itakuwa imetetemeka, imekatikakatika, mingine imerudiwa mara tatu au nne. Kisha ataisukuma karatasi kando na kusema hana kipaji. Hukumu hiyo hunisikitisha kila ninapoisikia, kwa sababu mchoro ule hauonyeshi upungufu wowote wa mtu. Unaonyesha ubongo unaotimiza kazi yake sawasawa, na mkono uliozoea kazi nyingine.

Tuanze na jicho. Kitu kikisogea mbali mara mbili ya umbali wake, urefu wa taswira yake ndani ya jicho hupungua nusu. Mtu aliye mita 6 kutoka kwako anaacha taswira yenye nusu ya urefu wa yule aliye mita 3. Lakini wewe humwoni amenywea. Unamwona ni mtu wa kimo kile kile, ila yuko mbali kidogo. Ubongo umepokea taswira ndogo, ukakadiria umbali, ukafanya marekebisho, ukakukabidhi jibu bila kukuonyesha hesabu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Cairo, alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 11 katika Kitab al-Manazir: ukubwa tunaouona hautokani na pembe ya miale inayoingia jichoni peke yake, bali na pembe hiyo pamoja na makadirio ya umbali. Marekebisho hayo hutuokoa tunapovuka barabara na tunapodaka mpira. Mchoraji ndiye anayeitaka ile taswira ndogo kabla haijarekebishwa, na ubongo hauna desturi ya kuitoa.

Asiyeamini na asimame mbele ya kioo. Funga jicho moja, chukua kipande cha sabuni, ufuate mpaka wa kichwa chako kama unavyouona kiooni, kuanzia kidevuni hadi utosini. Kisha pima kwa rula. Umbo ulilochora litakuwa na nusu ya urefu wa kichwa chako, na kusogea nyuma hakutalibadilisha, kwa kuwa uso wa kioo sikuzote uko katikati kati ya jicho lako na taswira unayoiona ng'ambo yake. Mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich alilitumia jaribio hili katika kitabu chake Art and Illusion cha mwaka 1960. Tunajitazama kiooni kila asubuhi, tunanyoa ndevu na kupaka wanja, na nusu hiyo haitugutushi hata siku moja.

Kwa hiyo anayeanza hahitaji macho makali zaidi. Anahitaji mbinu za kuuzuia ubongo usimsahihishie. Mbinu hizo zilipata umbo la kanuni huko Florence, Italia. Mwanzoni mwa karne ya 15 Filippo Brunelleschi alichora kwenye ubao jengo la ubatizo la mji huo, akatoboa tundu dogo katika ubao, na mtazamaji akachungulia kutoka nyuma na kuuona mchoro umeakisiwa katika kioo kilichoshikwa mbele yake. Jicho moja, mahali pamoja. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika kwamba picha ichukuliwe kama dirisha lililo wazi, na miaka 90 baadaye Albrecht Dürer wa Ujerumani akachapisha kitabu cha upimaji kinachomwonyesha mchoraji akichora moja kwa moja juu ya kioo kinachopitisha nuru, jicho lake likiwa limezuiwa penye tundu lisicheze. Zoezi hilo unaweza kulifanya leo nyumbani kwa kioo cha dirisha na kalamu ya ubao mweupe. Funga jicho moja, tuliza kichwa, ufuate kingo za jengo la jirani. Mistari ya paa ambayo ungeapa iko sambamba na ardhi itakuonyesha mteremko mkali, na pengine utadhani umekosea. Hujakosea.

Kati ya kanuni zote za umbali, kwangu iliyo nzuri kuliko zote ni ya upeo wa macho, na watu wa pwani wana darasa lake bure. Nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa na mchanga umetandaa tambarare. Mstari ambapo bahari hukutana na mbingu uko sawasawa na kimo cha macho yako. Kwa hiyo kila mtu mwenye kimo chako aliyesimama juu ya mchanga huo huo, awe hatua kumi kutoka kwako au mita mia tatu, macho yake yataonekana yamegusa mstari ule ule. Miguu yao ndiyo hupanda kuukaribia kadiri wanavyokuwa mbali. Watoto wote wako chini yake. Ukichuchumaa, mstari unashuka pamoja nawe, na ghafla watu wote wanatokeza juu ya bahari. Anayeanza, kwa kawaida, huwapanga watu wa mbali kwa kuwashusha au kuwapandisha kwa kubahatisha. Akishauchora mstari huu kwanza, kazi kubwa imekwisha.

Sufuria nayo hufuata sheria hiyo hiyo. Mdomo wake ni duara, ila jichoni huwa duara lililobanwa, na linabanwa zaidi kadiri linavyokaribia kimo cha macho. Ukiitazama sufuria kutoka juu kidogo, mzingo wa kitako lazima uwe na uduara zaidi kuliko mdomo. Karibu kila anayeanza huchora kitako kikiwa mstari mnyoofu, kwa sababu anajua sufuria imekaa juu ya meza iliyo bapa.

Nisieleweke kwamba picha isiyofuata kanuni hizi ina kasoro. Wanyama wa Edward Saidi Tingatinga, waliochorwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wanaujaza ubao mzima juu ya rangi iliyotandazwa bila kina, na nguvu yao iko hapo hapo. Kanuni ya umbali hujibu swali moja: kitu hiki kinaonekanaje kwa jicho moja lililosimama mahali pamoja?

Mkono nao una mambo yake. Kati ya kifundo, kiwiko na bega, hakuna ungio linalokwenda mnyoofu. Kila moja huzunguka. Ukilaza kiganja mezani na kuchora kwa kifundo cha mkono peke yake, ncha ya penseli iko kama sentimita 15 kutoka kwenye mhimili, na mstari wa sentimita 10 utapinda karibu milimita 9 katikati. Mstari huo huo ukichorwa kwa kuzungusha bega, sentimita 60 kutoka kwenye ncha, utapinda milimita 2 tu. Ndiyo maana walimu husisitiza kiganja kinyanyuke na mkono mzima uende pamoja kwa mistari mirefu, vidole vibakiziwe kope na nywele.

Halafu kuna mtetemo. Mkono wenye afya kabisa hutetemeka kidogo mno, takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Mstari unaochukua sekunde tano unaupa mtetemo huo nafasi arobaini au zaidi za kujichapa karatasini. Zaidi ya hapo, jicho hujaribu kusahihisha njiani, na kila sahihisho ni kona ndogo. Mwaka 1899 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Woodworth aliwachoresha watu mistari ya penseli kwa kasi mbalimbali, macho yakiwa wazi na yakiwa yamefumbwa. Katika mwendo wa polepole, kuona kulipunguza makosa sana. Mwendo ulipokuwa wa haraka, aliyefumbua na aliyefumba walikaribiana, kwa kuwa habari ya jicho huchelewa kurudi misulini kama amri, na mkono umekwishapita.

Hapo ndipo penye mtego: polepole mstari unalenga lakini unatetemeka, haraka unateleza lakini unapotea. Njia ya kutoka ni kuumaliza uamuzi kabla penseli haijagusa karatasi. Weka nukta mbili. Pitisha penseli hewani kutoka moja hadi nyingine mara kadhaa, macho yakikaa kwenye nukta ya mwisho wala si kwenye ncha, kisha ishushe na uchore kwa mpigo mmoja. Serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, hulinganisha mwendo ilioutabiri na uliotokea, na kutoka katika tofauti hiyo hurekebisha amri za baadaye. Ndiyo maana ningemnyang'anya anayeanza kifutio. Mstari uliokosa nukta uachwe palepale na mwingine uchorwe pembeni yake; baada ya ukurasa mmoja utaona kama makosa yako yote yanaegemea upande mmoja, na hilo lina tiba.

Mambo haya mawili, jicho na mkono, hukutana katika zoezi la nyumba inayotazamwa kwenye pembe. Kingo za upande wa kushoto huelekea nukta moja juu ya upeo wa macho, za kulia nukta nyingine. Anayeanza huziweka zote mbili ndani ya karatasi, na nyumba hutoka kali kama shoka. Sababu yake ni ya jiometri. Kuta zinapokutana kwa nyuzi 90, nukta hizo haziwezi kukaribiana chini ya mara mbili ya umbali wa jicho kutoka kwenye picha. Karatasi ya A4 haifiki sentimita 30 kwa urefu. Mchoro wenye nukta zote mbili ndani yake ni sahihi kwa jicho lililo sentimita 15 tu kutoka karatasini, au karibu zaidi. Anayetazama kutoka sentimita 40 anahitaji nukta zilizoachana sentimita 80 au zaidi. Basi ibandike karatasi katikati ya meza, zitie nukta kwenye meza yenyewe, moja huku na nyingine kule. Rula ya shuleni haitafika. Bega litafika.