Dawa Yenye Uhai Haipendi Jua Kali

Wakulima wa Kitui na Makueni, siku hizi madukani iko dawa ya viwavi ambayo si sumu ya kawaida. Imetokana na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Iliyo maarufu ni ya bakteria waitwao Bt, waliogunduliwa Japani mwaka 1901 walipokuwa wakiua viwavi wa hariri. Huenda mkulima akainunua, akainyunyiza, na kesho yake akaona viwavi wangali hai. Hapo husema ameuziwa dawa mbovu. Lakini pengine dawa ni nzuri, ila aliitumia saa isiyofaa.

Kwanza yafaa kujua inavyofanya kazi. Bt haiui kwa kugusa. Ni lazima kiwavi aile pamoja na jani. Ikifika tumboni huharibu utumbo wake, naye huacha kula upesi, ingawa huenda asife mpaka siku ya pili au ya tatu. Basi usitazame tu kama amekufa; tazama kama jani linaendelea kuliwa. Viwavi wadogo hufa kwa urahisi kuliko wakubwa, kwa hiyo kagua shamba mapema.

Adui wa kwanza wa dawa hii ni jua. Katika jani lililo wazi, jua kali huipunguzia nguvu kwa siku chache tu. Kwa sababu hiyo nyunyiza jioni, saa kumi na moja au baadaye. Usiku hauna jua, na kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Kenya mwaka 2017, hula sana usiku. Katika mahindi, elekeza bomba katikati ya mche, pale majani mapya yalipojikunja, maana jua halifiki ndani. Katika ndengu na mbaazi, nyunyiza kabla kiwavi hajaingia ndani ya ganda. Akisha ingia, dawa iliyo nje haimpati.

Adui wa pili ni mvua. Mvua kubwa huosha dawa majanini, hasa ikiwa haijakauka. Mawingu yakifunga, ngoja. Mvua ikiiosha, kagua tena shamba, na viwavi wakiwapo, rudia.

Iko pia dawa ya kuvu, ambayo wataalamu wa ICIPE, Nairobi, wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Hii huingia kwa ngozi ya mdudu, nayo hutaka unyevu ili iote. Jua kali huiua pia. Wenye miembe wajue kwamba funza wa nzi wa matunda huanguka chini na kujificha udongoni. Kuvu ikitiwa katika udongo chini ya kivuli cha mwembe, jua haliifikii, nayo hudumu kuliko ikiwa juu ya jani.

Mwisho, weka dawa mahali pa baridi, si chini ya mabati yenye joto. Changanya kiasi cha siku ile tu, wala usitumie maji yenye magadi mengi. Soma maandishi ya chupa, na usipoelewa, muulize Bwana Shamba wako.

Mvua zetu ni chache, na fedha za dawa hazipatikani kwa urahisi. Kungoja jioni hakugharimu hata senti moja.