Yowe la Ng'ombe Huitikiwa, la Dada Yetu Je?

Miongoni mwa maovu ambayo jamii yetu imeyazoea hata ikaacha kuyaita maovu, limo hili la kuwadhalilisha wanawake katika vyombo vya usafiri. Apandaye daladala mjini Mwanza, iwe ya Igoma, ya Buhongwa au ya Kisesa, hahitaji kuhadithiwa. Mpiga debe humkamata binti mkono na kumvutia kwenye gari asilolitaka. Kondakta humpandisha kwa kumshika mahali pasipostahili. Abiria mwingine hujifanya kuwa ni msongamano uliompeleka mkono. Mama atokaye Mwaloni, Kirumba, na mzigo wake wa dagaa hutukanwa kwa harufu ya kazi inayowalisha wanawe. Mwanafunzi naye, kwa kuwa nauli yake ni ndogo, huambiwa maneno ambayo hata mtu mzima huona haya kuyasikia.

Lakini makala haya hayakusudii kumzungumzia mhuni peke yake. Mhuni ni mmoja, na wanaomtazama ni kumi na watano au ishirini. Huyu hugeukia dirishani, yule hujishughulisha na simu yake, na wa tatu hucheka. Mhuni hukichukua kimya hicho kuwa ni kibali. Mwanamke naye hukielewa hivyo hivyo. Ndiyo maana aghalabu huteremka kituo kisicho chake, akamalizia safari kwa miguu, na asimweleze mtu.

Ndugu msomaji, kimya hiki si desturi ya kwetu. Sungusungu walipoibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe, nguvu yao kubwa ilikuwa yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano. Likipigwa, kila mwanamume alipaswa kutoka, awe ameibiwa yeye au jirani yake. Aliyelisikia akabaki ndani alihesabiwa kuwa na kosa, na alitozwa faini. Sungusungu walikuwa na dosari zao, na baadhi yao waliwadhulumu watu kwa tuhuma za uchawi. Hilo halifai kufichwa. Hata hivyo kanuni ile ya yowe ilikuwa ya haki: anayesikia ana wajibu. Je, inakuwaje watu walioamka usiku wa manane kwa ajili ya ng'ombe wa jirani washindwe kufungua kinywa mchana kweupe kwa ajili ya binti wa jirani?

Udhuru unaotolewa mara nyingi ni mavazi. Husemwa, "Mwenyewe amejitakia." Udhuru huu una historia, na sisi wa Chama hatuna budi kuikumbuka. Mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, nguo za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Operesheni Vijana ilipangwa kuanza Januari 1, 1969. Nia iliyotangazwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini mwezi ule ule wa Oktoba, kabla operesheni yenyewe haijaanza, makundi ya vijana yaliwaandama wanawake pale Kariakoo, Dar es Salaam, hata kwenye kituo cha mabasi, mpaka polisi wakalazimika kuingilia kati. Somo lake ni wazi. Umati ukishapewa ruhusa ya kupima nguo ya mwanamke, hautakosa kasoro, na mkono utafuata jicho.

Majirani zetu wa Kenya walijifunza hayo kwa uchungu. Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha magari jijini Nairobi, wakidai kuwa hakuvaa kwa heshima. Wanawake na wanaume waliandamana Novemba 17, na kabla ya mwaka kwisha Bunge lao lilitunga kifungu kinachomwadhibu amvuaye mtu nguo kwa nguvu kifungo kisichopungua miaka 10.

Sisi pia hatukosi sheria. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la unyanyasaji wa kijinsia, kwa vitendo na hata kwa maneno, na adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha miaka mitano. Lakini sheria haipandi daladala. Inamngoja shahidi, na shahidi ndiye yule anayetazama dirishani.

Tuliosoma chuoni tulifundishwa kuwa uovu huondolewa kwa mkono. Asiyeweza, kwa ulimi. Asiyeweza, kwa moyo, na hiyo ndiyo imani iliyo dhaifu kuliko zote. Ndani ya daladala, mkono si ngumi wala si kumpiga mhuni mawe, kwani hilo nalo ni uhalifu. Mkono ni kusimama kati yao, kumpisha dada kiti, kuteremka naye hadi Dawati la Jinsia la polisi. Ulimi ni kusema, "Kondakta, mwache dada huyo." Asemapo mmoja, wa pili hupata ujasiri, na gari zima hubadilika. Na ambaye kweli hawezi, basi aishike namba ya gari na akubali kuitwa shahidi. Mwenye simu aliyepiga picha aipeleke polisi, asiisambaze, maana kuisambaza ni kumdhalilisha mwanamke huyo mara ya pili.

Wamiliki wa magari na viongozi wa madereva nao wana wajibu, kwani kondakta huzungumza kwa niaba ya gari. Mabalozi wa mashina walizungumze jambo hili katika vikao vyao, kama wanavyozungumza wizi. Imani ya TANU, ambayo Azimio la Arusha lilianza nayo mwaka 1967, ilikiri kuwa kila binadamu anastahili heshima. Heshima hiyo haisimamishwi mtu anapopanda gari, wala haimtegemei kondakta. Inawategemea abiria.